Mtoto Anatoa Usaha Sikioni: Sikio, Ubongo na Kujifunza Kusema

Asubuhi unamwamsha mtoto na kuona doa la njano kwenye mto. Usiku alilia sana huku akijivuta sikio. Sasa homa imeshuka, ametulia na anataka kunyonya. Bibi anakuambia, "Mwache, ni meno hayo. Yakishatoka, na usaha utakauka." Jirani naye anasema ni maji ya kuogea yaliyoingia sikioni. Unampangusa na kuendelea na kazi. Wiki inapita, ya pili inapita, na doa bado lipo kwenye mto.

Makala haya ni kwa ajili ya mama, baba, bibi na mlezi yeyote aliyewahi kuona doa hilo. Jambo kubwa tunalotaka ulishike ni hili: usaha sikioni ni ugonjwa. Meno hayatoi usaha sikioni. Ugonjwa huu unatibika, mara nyingi kwa dawa za kawaida na kitambaa safi, lakini una siku zake. Usaha ukifikisha siku 14 unaitwa usaha sugu, na tiba yake inabadilika. Na sikio la mtoto mdogo likikaa limeziba au linatoa usaha kwa miezi, kinachoweza kuchelewa ni pamoja na kusema kwake, kuelewa kwake na masomo yake.

Msafiri aliyepiga filimbi kwa sikio

Tuanze na kisa kilichotokea kwenye njia yetu ya zamani ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kuishia Ujiji.

Novemba 1857, Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walifika Kazeh, jina ambalo wakati huo lilitumika kwa makazi ya wafanyabiashara yaliyokuwa mahali ilipo Tabora ya leo. Kutoka hapo waliendelea hadi Ujiji. Machi 1858, Speke alivuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi. Usiku mmoja, akiwa amepiga hema kisiwani, dhoruba ilivuma. Alipowasha mshumaa, hema likajaa mbawakawa wadogo weusi. Alipolala, mmoja wao akaingia sikioni mwake na kuanza kuchimba kuelekea ndani.

Speke alimimina siagi iliyoyeyushwa. Haikusaidia. Kisha akachukua kisu kidogo na kumchokoa. Alimuua mdudu, lakini akajijeruhi sikio. Usaha ukatunga, uso ukavimba na kupinda, na kwa siku kadhaa hakuweza kutafuna chakula. Sikio hilo likabaki karibu kiziwi kwa miezi mingi. Vipande vya yule mdudu viliendelea kutoka pamoja na nta miezi sita au saba baadaye. Na aliandika jambo moja lililowachekesha wenzake: kila alipopenga kamasi, sikio lake lilipiga filimbi.

Kisa hiki kinatufundisha mambo mawili ambayo kila mlezi anayahitaji.

La kwanza, kitu chenye ncha hakimtoi mdudu wala uchafu. Kinajeruhi. Hii ni kweli kwa kisu cha Speke, na ni kweli kwa njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku, kifuniko cha kalamu na vijiti vya pamba tunavyotumia leo. Mdudu, punje ya mahindi au shanga ikiingia sikioni mwa mtoto, usichokoe. Mlaze sikio hilo likielekea chini, mtulize, kisha mpeleke kwenye kituo cha kutolea huduma.

La pili ni ile filimbi. Hewa ilitokaje puani ikafika sikioni? Jibu lake linaeleza kwa nini watoto wetu wanaugua masikio kila wanapopata mafua.

Chumba kidogo nyuma ya ngoma ya sikio

Sikio lina sehemu tatu. Sikio la nje ni lile tunaloliona pamoja na tundu lake. Mwisho wa tundu kuna ngozi nyembamba iliyokazwa kama ngoma. Ndiyo ngoma ya sikio. Nyuma yake kuna chumba kidogo chenye hewa: sikio la kati. Humo kuna mifupa mitatu midogo inayopokea mtikisiko wa sauti kutoka kwenye ngoma na kuupeleka sikio la ndani. Kutoka sikio la ndani, mshipa wa fahamu unaupeleka ujumbe kwenye ubongo.

Chumba hicho cha kati kina mlango wa nyuma. Ni mrija mwembamba unaokiunganisha na sehemu ya nyuma ya pua na koo. Ndio unaoingiza hewa. Ukimeza mate ukasikia masikio "yanafunguka", ni mrija huo umefanya kazi. Kwa mtu mwenye ngoma nzima, hewa ya pua ikifika humo haina pa kutokea. Kwa Speke, ngoma ilikuwa imetoboka, hivyo hewa ikapita moja kwa moja na kupiga filimbi.

Kwa mtoto mchanga, mrija huu ni mfupi, mwembamba na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima. Akipata mafua, unavimba na kuziba kwa urahisi. Vijidudu vya puani na kooni vinapanda hadi kwenye chumba cha kati, maji na usaha vinajaa, ngoma inasukumwa, na mtoto analia usiku kucha. Ndiyo maana chanzo kikubwa cha usaha sikioni ni mafua. Maji ya kuogea yanaweza kuzidisha tatizo pale ngoma ikiwa imeshatoboka, lakini hayapiti ngoma iliyo nzima.

Sura tatu za ugonjwa huu

Ugonjwa wa ghafla. Mtoto ana homa, analia, anajivuta sikio, anakataa kunyonya au anaacha ziwa haraka kwa sababu kumeza kunamuuma. Ngoma ikizidiwa na msukumo hupasuka, usaha hutoka, na maumivu hupungua ghafla. Hapa ndipo wengi wetu hudanganyika. Tunaona mtoto ametulia, tunadhani amepona, kumbe ngoma imetoboka. Mara nyingi tundu hilo huziba lenyewe ndani ya wiki chache, mradi maambukizi yametibiwa na sikio limekauka.

Maji yasiyouma. Baada ya maambukizi, maji yanaweza kubaki nyuma ya ngoma bila homa wala maumivu. Kwa watoto wengi hukauka ndani ya miezi mitatu. Katika kipindi hicho mtoto anasikia, lakini kwa mbali. Ziba masikio yako yote mawili kwa vidole, kisha mwombe mtu akuzungumzie kwa sauti ya kawaida kutoka upande wa pili wa chumba. Hivyo ndivyo dunia inavyoweza kusikika kwake. Mtoto wa namna hii huonekana mkaidi au mzito wa kuelewa, na wakati mwingine huadhibiwa kwa kosa ambalo si lake.

Usaha sugu. Usaha unatoka kwa siku 14 au zaidi kupitia tundu la ngoma. Mara nyingi hauumi, na huenda ukatoa harufu mbaya. Vijidudu vilivyomo mara nyingi havisikii dawa za kumeza zilizozoeleka. Ndiyo sababu mama anaweza kununua amoksilini duka la dawa mara tatu, nne, na usaha ukarudi kila mara. Mtoto huyu anahitaji sikio likaushwe na apewe dawa ya matone inayofaa.

Utafiti uliofanyika Dar es Salaam miaka ya 1990 kwa wanafunzi wa shule za msingi ulikuta usaha sugu kwa wingi zaidi kwa watoto wa vijijini kuliko wa mjini. Shirika la Afya Duniani nalo linakadiria kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto unatokana na sababu zinazoweza kuzuilika, na magonjwa ya masikio ni mojawapo.

Wanasayansi wameona nini kwenye ubongo wa mtoto

Huenda unajiuliza: mtoto wa miezi minne hajui hata neno moja. Akikosa kusikia vizuri kwa muda, anapoteza nini?

Zamani hata wataalamu walijiuliza hivyo. Mtoto mchanga hawezi kueleza anachosikia, kwa hiyo walitafuta njia nyingine za kumuuliza. Mwaka 1980, watafiti nchini Marekani waliwapa watoto wenye umri wa siku chache tu chuchu ya bandia iliyounganishwa na kinasa sauti. Wakinyonya kwa mtindo fulani walisikia sauti ya mama yao; kwa mtindo mwingine walisikia sauti ya mwanamke mwingine. Watoto walijifunza kunyonya kwa namna iliyowaletea sauti ya mama. Walikuwa wanaijua tayari.

Baadaye zikaja picha za ubongo. Mwaka 2002, watafiti wa Ufaransa walichapisha matokeo ya kipimo cha MRI kwa watoto wa takriban miezi mitatu waliosikilizishwa mazungumzo. Sehemu za upande wa kushoto wa ubongo, zilezile ambazo watu wazima hutumia kwa lugha, zilionekana zikifanya kazi. Yaani miezi mingi kabla ya kusema "mama", ubongo ulikuwa tayari darasani.

Mashine ya MRI ni kubwa, ina kelele na inataka mtoto atulie tuli. Hivyo wataalamu wakatengeneza kofia laini yenye taa ndogo. Mwanga wake hupita kwenye fuvu jembamba la mtoto na kuonyesha sehemu gani ya ubongo inapokea damu yenye oksijeni zaidi, yaani sehemu gani inafanya kazi. Haina mionzi ya eksirei, na mtoto hukaa akiwa macho mapajani mwa mama yake. Mwaka 2014 kulichapishwa utafiti wa kofia hiyo kutoka kijijini nchini Gambia, Afrika Magharibi, kwa watoto wa miezi minne hadi minane. Ulionyesha kwamba ubongo wa mtoto wa kijijini Afrika unaweza kuchunguzwa hukohuko anakoishi. Tangu hapo watafiti wamefuatilia watoto wa Gambia na wa Uingereza tangu kuzaliwa hadi miaka miwili, wakitazama jinsi ubongo unavyokua.

Haya yote yanatueleza nini sisi wa Tabora, Urambo, Sikonge, Nzega au Kigoma? Yanatueleza kwamba sikio ni mlango, na masomo huanza mapema kuliko tulivyodhani. Katika mwaka wa kwanza ubongo unazoea sauti za lugha inayozungumzwa nyumbani, iwe Kinyamwezi, Kisukuma, Kiha au Kiswahili. Mlango ukifungwa kwa siku chache, somo linaendelea baadaye. Ukifungwa nusu kwa miezi mingi, masikio yote mawili, mtoto anasoma akiwa nje ya dirisha.

Usiogope kupita kiasi

Ukweli una upande wa pili, na ni haki yako kuujua. Watafiti wa Pittsburgh, Marekani, walifuatilia maelfu ya watoto wachanga. Waliokutwa na maji ya muda mrefu nyuma ya ngoma, 429 kati yao, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliwekewa haraka vijirija vya kutolea maji kwa upasuaji mdogo; kundi la pili lilisubiri kwa miezi. Walipofika miaka mitatu, na hata walipofika miaka tisa hadi kumi na moja, hapakuwa na tofauti kati ya makundi hayo katika lugha na kujifunza.

Maana yake ni kwamba kwa mtoto mwenye afya njema, maji yasiyo na usaha mara nyingi yanaweza kusubiriwa chini ya uangalizi. Ubongo wa mtoto una uwezo mkubwa wa kufidia. Kama mwanao aliwahi kuumwa sikio mara mbili tatu na akapona, usijilaumu.

Lakini angalia: watoto wale walikuwa wanafuatiliwa na madaktari, na hawakuwa na usaha unaotoka miezi na miaka. Kusubiri ukiwa na mtu anayeangalia sikio ni jambo moja. Kusubiri bila mtu yeyote kuangalia ni jambo jingine.

Je, mtoto wangu anahitaji picha ya kichwa?

Kwa kawaida, hapana. Picha za ubongo tulizozieleza ni za utafiti. Hazitumiki kutibu sikio la mtoto mmoja mmoja. Mtoa huduma anahitaji kifaa kidogo chenye taa cha kutazama ngoma, macho yake, na maelezo yako wewe mlezi.

Kipimo cha CT au MRI kinahitajika pale daktari anaposhuku kwamba maambukizi yametoka sikioni na kwenda mbali zaidi. Chumba cha sikio la kati kimepakana na mfupa wa nyuma ya sikio, na juu yake kuna ubongo. Usaha ukipenya unaweza kusababisha uvimbe kwenye mfupa huo, homa ya uti wa mgongo, au jipu ndani ya ubongo. Haya hayatokei mara nyingi, lakini yanaua, na hapo picha husaidia madaktari kujua usaha umefika wapi.

Kama mtoto amepigwa picha ya kichwa kwa sababu nyingine, labda alianguka, na ripoti ikasema kuna maji nyuma ya sikio, usitaharuki. Watoto wengi huonekana hivyo baada ya mafua. Muulize daktari aangalie masikio yake na kukuambia kama kuna la kufanya.

Ufanye nini ukiona usaha

Mpeleke mtoto zahanati au kituo cha afya, hata kama homa imeshuka. Sema waziwazi: "Sikio linatoa usaha tangu siku fulani." Hesabu ya siku ni muhimu, kwa sababu mwongozo wa matibabu ya watoto unatenganisha usaha wa chini ya siku 14 na ule wa siku 14 au zaidi. Usaha wa siku chache kwa kawaida hutibiwa kwa dawa ya kumeza, nayo ni lazima imalizwe. Usaha sugu hutibiwa kwa kukausha sikio na dawa ya matone, kama siprofloksasini ya masikio, kwa wiki mbili.

Hata mtoto anapopelekwa kwa homa tu na kipimo cha malaria kikaonyesha hana, kumbusha: "Naomba umtazame na masikio."

Mtoa huduma atakuonyesha jinsi ya kukausha sikio nyumbani. Hatua ni hizi:

1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Chukua kitambaa safi cha pamba kinachofyonza maji, au karatasi laini isiyokatika ovyo. Kisokote kiwe kama utambi. Usitumie njiti wala kijiti ndani yake.
3. Vuta sikio taratibu, ingiza ncha ya utambi bila kusukuma kwa nguvu, uache ufyonze usaha.
4. Utoe ukilowa, weka mwingine safi. Rudia mpaka utambi utoke mkavu.
5. Kama umepewa dawa ya matone, weka sasa, sikio likiwa kavu. Dawa ikiwekwa juu ya usaha haifiki inakotakiwa.
6. Tupa tambi zilizotumika, nawa mikono tena.

Fanya hivi mara tatu kwa siku hadi usaha ukome, na rudi kituoni siku uliyopangiwa. Ni kazi ya uvumilivu. Mtoto atalia, wewe utachoka, lakini kukausha ni nusu ya tiba. Baba, shangazi au kaka mkubwa anaweza kufundishwa kupokezana na mama.

Mambo ya kuepuka

• Usiweke sikioni mafuta ya taa, mafuta ya kupikia, asali, maji ya majani, maziwa ya mama wala mkojo. Asali ya Tabora ni nzuri mezani. Kwenye sikio lililotoboka haina kazi.
• Usizibe sikio kwa pamba na kuiacha humo. Usaha ukikosa njia unabaki ndani.
• Usitumie matone yaliyobaki ya mtu mwingine, au ya macho, bila kuelekezwa. Baadhi ya dawa za matone, kama zenye jentamaisini, zinaweza kudhuru sikio la ndani pale ngoma ikiwa imetoboka.
• Usimruhusu kuogelea bwawani au mtoni. Unapomwogesha, zuia maji yasiingie sikioni.

Kimbia hospitali ukiona haya

• Uvimbe unaouma nyuma ya sikio, hasa ukilisukuma sikio mbele
• Shingo kukakamaa, degedege, kutapika kila kitu, usingizi usio wa kawaida
• Upande mmoja wa uso kulegea
• Kizunguzungu, au mtoto aliyekuwa anatembea kuanza kuyumba
• Homa kali au usaha kwa mtoto wa chini ya miezi miwili

Dalili hizi hazisubiri kesho. Ukianzia zahanati, omba rufaa siku hiyohiyo kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa. Kwa mkoa wa Tabora, hospitali ya rufaa ni Kitete.

Mwanangu anasikia?

Usingoje mashine. Simama nyuma yake, asikuone, na umwangalie:

• Miezi 0 hadi 3: hushtuka kwa kishindo, hutulia akisikia sauti yako.
• Miezi 6: hugeuka kutafuta sauti inakotoka.
• Miezi 9: hugeuka akiitwa jina, na hutoa "ba-ba-ba", "ma-ma-ma".
• Miezi 12: huelewa maneno kama "njoo" au "kwaheri", huanza neno moja.
• Miaka 2: huunganisha maneno mawili, kama "mama maji".

Akipitwa na hatua hizi, au akiacha kutoa sauti alizokuwa akizitoa, mwambie mhudumu kliniki. Wewe unayeshinda naye ndiwe mwenye ushahidi wa kwanza. Ukiambiwa "ataongea tu, wavulana huchelewa", omba masikio yake yapimwe kwanza.

Na kama usikivu umeshapotea

Kuna watoto ambao usikivu wao haurudi, iwe kwa usaha sugu, surua, homa ya uti wa mgongo au sababu za kuzaliwa nazo. Tabora inalijua hili kuliko miji mingi: shule ya kwanza ya watoto viziwi nchini Tanzania ilianzishwa hapa mwaka 1963 na Kanisa Katoliki.

Picha za ubongo zimetufundisha jambo moja la faraja. Watafiti walipochunguza viziwi wanaotumia lugha ya alama tangu utotoni, waliona sehemu zilezile za lugha upande wa kushoto zikifanya kazi. Ubongo unataka lugha. Sikio likishindwa kuuletea, macho na mikono yanaweza. Mtoto kiziwi anayezungumzishwa kwa alama mapema anakuza akili yake kama mtoto mwingine. Anayefichwa ndani bila lugha yoyote ndiye anayepoteza. Kwa hiyo mama, ukiambiwa mwanao hasikii, ulizia mapema lugha ya alama, vifaa vya kusaidia usikivu na shule. Usingoje afike umri wa darasa la kwanza.

Kuzuia kunawezekana

Nyonyesha maziwa ya mama pekee miezi sita ya mwanzo, kwani kinga iliyomo hupunguza maambukizi. Mnyonyeshe kichwa kikiwa juu kidogo kuliko tumbo, na usimpe chupa akiwa amelala chali. Kamilisha chanjo. Chanjo ya nimonia, inayotolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ilianza kutolewa Tanzania mwaka 2013, na kijidudu inachokizuia ni miongoni mwa vinavyoingia sikio la kati. Chanjo ya surua na rubela, miezi 9 na miezi 18, nayo hulinda usikivu.

Mwepushe mtoto na moshi. Moshi wa kuni, mkaa na sigara huwasha njia za hewa na kuuzibisha ule mrija. Kwenye familia zinazokausha tumbaku kwa moto, usimbebe mtoto mgongoni unapochochea bani. Mwache na mtu mwingine mbali na moshi. Mafua yakiingia nyumbani, mfundishe mtoto mkubwa kunawa mikono na kupenga kamasi taratibu, tundu moja la pua kwa wakati mmoja.

Kumbuka

Leo usiku, ukimlaza mtoto, tazama masikio yote mawili. Kesho asubuhi tazama mto. Ukiona doa, hesabu siku, na uende kituoni kabla hazijatimia 14. Kama zimeshatimia, hata kama ni mwaka, nenda tu, hujachelewa kutibiwa. Njiani zungumza naye, mwimbie, mtajie majina ya vitu mnavyopita: mwembe, baiskeli, treni. Hata kama anasikia nusu, ubongo wake unasubiri sauti yako.

Makala haya ni ya kuelimisha na hayachukui nafasi ya ushauri wa mtoa huduma za afya aliyemwona mtoto wako.